Kuchangia programu huria ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe: kuanzia kuchagua mradi hadi msimbo wako kukubaliwa

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu pale Iyunga na fundi wa tovuti mwenye ofisi Mwanjelwa wana pengo moja linalofanana: msimbo wao haujawahi kusomwa kwa makini na mtu anayewazidi kazi. Mteja anataka tovuti ifunguke. Mwalimu ana kazi za wanafunzi darasa zima za kusahihisha. Programu ikikimbia, mambo yameisha.

Kwenye programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuubadilisha, mtu asiyekujua hata kwa sura atasoma mistari yako 12 na kukwambia mstari wa 7 una kasoro, na kwa nini. Hayo mapitio ndiyo shule yenyewe. Vingine vyote katika mwongozo huu, kuanzia bando hadi ufunguo wa SSH unaokutambulisha kwa seva, ni njia ya kufika kwenye mapitio bila kuishiwa fedha wala hamu.

Mradi gani

Anza na programu ambayo imeshakuudhi. Kitu unachokitumia kila wiki unajua kinatakiwa kufanya nini, na hiyo ni nusu ya kazi ya kutafuta kosa. Huku Nyanda za Juu Kusini programu huria zimejaa kuliko watu wanavyodhani. Wadodosaji wanaozunguka mashamba ya kahawa Mbozi au parachichi Rungwe na Njombe hujaza fomu kwa ODK Collect au KoboToolbox. Takwimu za vituo vya afya nchini hupita kwenye DHIS2, ambayo maendeleo yake yanaratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo. Wapima ardhi wanatumia QGIS, vyuo vinaweka masomo kwenye Moodle, na maktaba zinaorodhesha vitabu kwa Koha.

Angalia pia lugha ya mradi, maana huwezi kujifunza vitu vitatu kwa mpigo. ODK Collect ni ya Android, imeandikwa kwa Java na Kotlin. Seva ya KoboToolbox ni Python na Django. Moodle ni PHP, Koha ni Perl, QGIS ni C++ ikiwa na sehemu za Python, DHIS2 ni Java huku skrini zake mpya zikiwa React. Kama unaandika PHP ya wateja kila siku, Moodle itakunyanyua haraka kuliko kukimbilia lugha mpya kwa sababu tu inavuma.

Wengi hutafuta ishu, yaani taarifa za makosa na kazi zinazosubiri kwenye mradi, zenye lebo ya `good first issue` na kuchukua ya kwanza wanayoiona. Lebo hiyo ni nzuri, lakini kwenye miradi maarufu huwa na foleni, na kabla hujamaliza kusoma maelezo mtu ameshaichukua. Ukienda kwenye mradi unaoutumia, ishu utaileta wewe mwenyewe.

Kabla ya kukaa, fungua orodha ya maombi ya kuunganisha yaliyofungwa, yale ambayo wengi huyaita PR: mtu anatuma mabadiliko yake na kuomba yaingizwe kwenye mradi. Tazama 20 ya mwisho. Je, kuna ya watu wa nje, au yote ni ya wafanyakazi wa mradi? Mgeni alijibiwa baada ya siku ngapi? Kama ombi la mgeni limekaa miezi minne bila neno, ondoka hapo, hata kama programu unaipenda. Kisha soma faili la `CONTRIBUTING` lote, maana miradi haifanani. Moodle na Koha, kwa mfano, zina mfumo wao wa kufuatilia makosa nje ya GitHub, tovuti ambako miradi mingi huhifadhi msimbo wake, na ombi utakalotupa mahali pasipostahili halitasomwa na mtu.

Koha inastahili kutazamwa kidogo kwa ajili ya mwenye bando dogo. Huko kiraka, yaani kifurushi cha mabadiliko ya msimbo, hakiingii mpaka mtu mwingine akijaribu na kukitia sahihi, ndipo kiende kwa wakaguzi wa ubora. Kazi hiyo ya kujaribu iko wazi kwa yeyote, na mradi una seva za majaribio ambazo unafungulia kiraka ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Unachagua kiraka chenye hali ya `Needs Signoff`, unafuata hatua za majaribio zilizoandikwa, unaripoti ulichokiona. Ukifanya hivyo mara kumi umeshasoma viraka kumi vya watu wazoefu.

Pima kabla ya kupakua

Git, programu inayotunza msimbo na historia ya mabadiliko yake, ina tabia moja inayowaliza watu wa intaneti ya simu: `git clone`, amri ya kushusha nakala ya mradi, ikikatika katikati haiendelei ilipoishia, inaanza upya. Umeshusha MB 600 kati ya 800, mtandao ukayumba, zote zimekwenda na maji.

Kwa hiyo jua ukubwa kwanza. Fungua kwenye kivinjari `https://api.github.com/repos/mmiliki/mradi`, ukiweka majina halisi, utafute neno `size`. Namba hiyo ni kilobaiti. 850000 ni kama MB 830. Ukiona kubwa, chukua hali ya sasa tu:

```
git clone --depth 1 https://github.com/mmiliki/mradi.git
```

Hapo utapata mafaili yote ya leo bila historia. Historia utaihitaji baadaye kujua nani aliandika mstari fulani na kwa nini, kwa hiyo iongeze kidogo kidogo kwa `git fetch --deepen=200`, usiku bando la bei nafuu likiwa hai. Kila kipande kilichokamilika kinabaki, hata mtandao ukikatika kwenye kinachofuata.

Repo yenyewe, yaani ghala la msimbo wa mradi, mara nyingi si mzigo mkubwa. Mzigo ni vitegemezi, vitu ambavyo programu inavihitaji ili ifanye kazi: maktaba zinazoshushwa na npm au Maven, na zaidi ya zote picha za Docker (vifurushi vyenye programu na mazingira yake), ambazo moja tu inaweza kula mamia ya MB. Mkiwa watu watatu au wanne chuoni, apakue mmoja, wengine wapokee kwa flashi. Picha ya Docker inatolewa kwa `docker save -o picha.tar jina` na kupokewa kwa `docker load -i picha.tar`. Folda ya `~/.m2/repository` inanakiliwa kama ilivyo, kisha Maven inaendeshwa kwa `mvn -o` bila intaneti. Kwa npm, nakili `~/.npm` na utumie `npm ci --prefer-offline`. Repo kamili inafungwa kwa `git bundle create mradi.bundle --all`, anayepokea anafanya `git clone mradi.bundle mradi`, halafu anaielekeza kwenye anwani ya kweli kwa `git remote set-url origin` na anwani hiyo. Akisahau hatua hii ya mwisho, `git fetch` yake itaendelea kutafuta flashi.

Njia nyingine ni Codespaces ya GitHub, ambapo vitegemezi vinashushwa na seva zao wewe ukiandika ndani ya kivinjari. Akaunti ya bure inapewa saa 120 za kiini cha kichakata kwa mwezi, maana yake saa 60 kwenye mashine ya viini viwili. Inakula data kidogo lakini inataka mtandao usiokatika, kwa hiyo inamfaa aliye Iringa mjini kuliko aliye kijijini ambako mnara mmoja unahudumia kata nzima.

Na umeme. Kwa anayetumia kompyuta ya mezani msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, kuna siku utawasha na Git ikulalamikie kwamba `object file is empty`. Mashine ilizimika ikiwa inaandika. Nakili kwanza folda yote mahali pengine, kisha:

```
find .git/objects -type f -empty -delete
git fetch
git fsck
```

Mara nyingi hiyo inatosha, ingawa komiti (hatua ya kazi unayoihifadhi kwenye Git) iliyokuwa inaandikwa wakati ule inaweza kuwa imepotea. Dawa ya kweli ni kusukuma tawi lako, yaani mkondo wako wa mabadiliko, GitHub kila unapoinuka kwenye kiti, hata kama kazi haijaisha.

Akaunti na ufunguo

Hapa pafupi. GitHub iliacha kupokea nywila kwenye amri za Git tangu tarehe 13 Agosti 2021, kwa hiyo tengeneza ufunguo kwa `ssh-keygen -t ed25519` na upachike ile sehemu ya `.pub` kwenye mipangilio ya akaunti. Uthibitisho wa hatua mbili uufanye kwa programu ya simu, na zile namba za dharura uziandike kwenye daftari. Simu ikiibiwa Kabwe siku ya gulio, namba zilizohifadhiwa ndani ya simu hiyo hiyo hazikusaidii.

Mtandao wa taasisi ukizuia SSH, dalili yake ni amri kuganda bila neno mpaka muda uishe. GitHub inasikiliza pia kupitia mlango wa 443. Weka haya kwenye `~/.ssh/config`:

```
Host github.com
  Hostname ssh.github.com
  Port 443
  User git
```

Hakikisha barua pepe ya `git config user.email` ni ile ile iliyo kwenye akaunti. Isipolingana, komiti haitahesabiwa kuwa yako, na roboti ya mkataba wa wachangiaji (ule unaoupa mradi ruhusa ya kutumia msimbo wako) itakukatalia huku wewe ukiapa kwamba umesaini.

Rudia kosa kabla ya kuligusa

Chukua mfano wa kubuni. Programu ya kusajili wakulima inakataa namba `0700 000 000` na kuonyesha `Invalid phone number`. Kishawishi ni kufungua faili unaloliona kwa jina tu na kuanza kubadilisha. Subiri. Tafuta kwanza maneno yenyewe:

```
git grep -n "Invalid phone number"
git log -S"Invalid phone number" --oneline
```

Amri ya kwanza inakupeleka kwenye mstari. Ya pili inaonyesha komiti iliyoleta maneno hayo, na ndani yake mara nyingi kuna sababu: huenda mtu aliweka sharti la `+255` makusudi kwa sababu ya huduma ya SMS. Kama jambo lilikuwa likifanya kazi toleo lililopita, tumia `git bisect`, inayogawa historia nusu kwa nusu. Katika komiti 1000 itampata mhalifu kwa hatua kama 10.

Andika jaribio kabla ya tiba, uliendeshe, ulione likianguka:

```
def test_local_number_is_accepted():
    assert normalize("0700 000 000") == "+255700000000"
```

Jaribio lisipoanguka hujaelewa kosa. Likianguka, tiba ya haraka inajileta yenyewe: ondoa nafasi, toa 0 ya mbele, weka 255. Jaribio linapita. Unatuma. Baada ya siku tatu msimamizi anakujibu kwamba programu inatumika nchi nyingine pia, na kwamba namba za mezani za Italia haziachi 0 ya mbele hata ukipiga kutoka nje. Msimbo wa nchi utoke kwenye mipangilio, na kwa nini usitumie maktaba ya `phonenumbers`, ambayo tayari imo kwenye vitegemezi vya mradi?

Hapo umejifunza mambo matatu ambayo mteja wa Mwanjelwa asingekufundisha: usifunge dhana ya nchi yako ndani ya msimbo, tazama kilichopo kabla ya kuandika kipya, na jaribio moja la njia iliyonyooka halitoshi.

Kuna aina ya makosa ambayo mzungumzaji wa Kiswahili anayaona na wenye mradi hawayaoni. Watengeneza programu wengi huunganisha sentensi vipande vipande, jina la kitu likifuatiwa na neno `deleted`. Kiingereza kinavumilia. Kiswahili kinagoma: kitabu kimefutwa, mtumiaji amefutwa, faili limefutwa, picha imefutwa. Hakuna tafsiri moja ya `deleted` inayotosha zote. Mfasiri peke yake hawezi kuponya hilo. Lazima msimbo ubadilishwe ili kila kitu kiwe na sentensi yake nzima. Ripoti ya namna hiyo, ikiwa na mifano minne ya ngeli na kiraka kidogo, hupokelewa vizuri kwa sababu inasaidia lugha nyingine nyingi zenye upatanisho wa aina hiyo. Kutafsiri maneno tu ni msaada wa kweli pia, ila usijidanganye kwamba kunakukuza kwenye programu.

Kutuma

Tengeneza foku, yaani nakala ya mradi kwenye akaunti yako ya GitHub, kisha kwenye kompyuta acha `origin` iwe mradi mkuu na foku uiite `yangu`:

```
git remote add yangu git@github.com:jina-lako/mradi.git
git switch -c fix-local-phone-number
```

Usifanyie kazi kwenye `main`, tawi kuu. Ukifanya hivyo, ombi la pili litabeba komiti za la kwanza, na utashinda siku nzima ukizichambua kama mchele wa Kyela wenye mawe.

Kabla ya komiti endesha `git diff --stat`. Ulibadilisha mistari minne. Ikikuambia 900, kuna kitu. Kwa kawaida ni mojawapo ya haya: Windows imebadilisha miisho ya mistari, na hapo utatumia `git config --global core.autocrlf true`, au kihariri chako kinapanga faili lote upya kila ukihifadhi. Zima upangaji huo kwa mradi huu. Hakuna msimamizi atakayetafuta mistari minne yako ndani ya 900.

Ujumbe wa komiti na maelezo ya ombi yawe kwa Kiingereza chepesi, maana ndicho wanachosoma. Mstari wa kwanza usizidi herufi 50 hivi, acha mstari mtupu, kisha eleza kwa nini, maana nini kimebadilika kinaonekana kwenye msimbo. Ukiandika `Fixes #` na namba ya ishu, itajifunga ombi likikubaliwa. Mradi ukidai mstari wa sahihi wa `Signed-off-by`, ongeza `-s` kwenye amri ya komiti.

Ombi moja, jambo moja. Ukiona kosa lingine njiani, liandike pembeni.

Mapitio

Sisi tumelelewa kusalimiana kwanza, kuuliza hali ya nyumbani, ndipo tuingie kwenye shida. Kwenye mapitio salamu ndefu inamchosha msomaji mwenye maombi 30 mbele yake, na ufupi wake kwako si ukali. Akikuandikia `nit` anasema ni jambo dogo la mtindo. `LGTM` maana yake ameridhika. Kila maoni yajibiwe: ama umebadilisha, ama unaeleza kwa sentensi mbili kwa nini hukubadilisha. Kukubali kila kitu bila kuelewa ni hasara kwako, kwa sababu kesho utarudia kosa lile lile. Uliza.

Marekebisho yasukumwe kwenye tawi lile lile. Kufunga ombi na kufungua jipya kunapoteza mazungumzo yote. Mradi ukisonga mbele wakati unasubiri, fanya `git fetch origin`, `git rebase origin/main`, halafu `git push --force-with-lease yangu`; `--force` tupu itafuta kazi ya msimamizi kama alikusaidia kurekebisha humo humo.

Kimya cha wiki moja ni cha kawaida. Baada ya wiki mbili andika mstari mmoja wa kukumbusha. Baada ya mwezi endelea na jambo lingine.

Mwaka 2020 Hacktoberfest, shughuli ya kila Oktoba iliyoanza 2014, ilijaa maombi ya kubadilisha neno moja kwenye README (faili la utambulisho wa mradi) ili mtu apate fulana, mpaka waandaaji wakaweka sharti kwamba mradi ujiandikishe wenyewe kwanza. Wasimamizi hawajasahau. Ombi la kwanza linalogusa nukta na mkato linasomwa kwa jicho hilo.

Kuhusu msimbo ulioandikwa na akili mnemba, soma kanuni za mradi kabla. Gentoo na NetBSD walikataza mwaka 2024. Wengine wanaruhusu ukitaja. Hata panaporuhusiwa, msimbo usioweza kuuelezea utakuumbua kwenye swali la kwanza la mapitio. Na kama umeajiriwa, tazama mkataba wako unasemaje kuhusu msimbo unaoandika nje ya saa za kazi, kabla hujasaini mkataba wa wachangiaji wa mradi wowote.

Baada ya ombi la tatu

Kaa mradi mmoja kwa angalau wiki nane, saa tano kwa wiki. Maombi matano kwenye mradi mmoja yanakupandisha kuliko moja moja kwenye mitano, kwa sababu mawili ya kwanza huishia kwenye kujifunza taratibu. Ukifika la tatu, anza kupitia maombi ya wengine: shusha tawi lao, liendeshe, sema ulichokiona. Hilo halihitaji cheo.

Ukitaka kulipwa, Outreachy, mpango wa mafunzo kazini kwenye miradi huria, hulipa dola 7,000 za Marekani kwa miezi mitatu na huendeshwa mara mbili kwa mwaka, na huchaguliwi kwa wasifu bali kwa michango utakayofanya wakati wa kuomba. Google Summer of Code, mpango wa Google wa namna hiyo, tangu 2022 haihitaji tena uwe mwanafunzi. Umri wa miaka 18 na kuwa mgeni kwenye programu huria vinatosha. Kote kuwili, mwenye maombi matatu yaliyokwisha kuunganishwa anaanza akiwa mbele.

Mikutano ya miradi hutangazwa kwa saa za UTC, nasi tuko saa tatu mbele. Kuna njia fupi: toa 3 kwenye saa ya UTC, unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. Mkutano wa 07:00 UTC ni saa 4 asubuhi. Wa 14:00 ni saa 11 jioni. Wa 18:00 unakupa 15, toa 12, ni saa 3 usiku. Na kama ni Julai na uko Njombe, ingia nao ukiwa na blanketi.